Neno Hifadhi na Maana Zake, pamoja na Khabari za Ngara na Biharamulo

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, hili ni somo fupi juu ya neno moja ambalo watu wa pwani hulitamka kila siku, wala aghalabu hawasimami kulipima. Neno lenyewe ni hifadhi.

Mtoto akiingia chuoni huambiwa aihifadhi juzuu ya Amma. Mvuvi huwahifadhi samaki kwa chumvi na jua hatta wakawa ng'onda. Mtumishi hukatwa sehemu ya mshahara wake, akaambiwa ya kuwa ni kwa hifadhi ya jamii. Kijana wa Tanga au wa Dar es Salaam aendeshaye lori la mizigo hatta Rusumo, mpakani mwa Rwanda, hupita wilaya za Biharamulo na Ngara. Na huko huambiwa mambo mawili: ya kuwa upande wa kaskazini wa njia mna hifadhi ya wanyama, na ya kuwa pale Benaco, apumzishapo gari lake, zamani palikuwa na wakimbizi wengi waliopewa hifadhi. Neno ni moja mahali pote hapo. Je, na jambo ni moja? Na hifadhi mbili zikigombana juu ya ardhi moja, ipi itangulie? Hayo ndiyo makusudio ya somo hili.

ASILI YA NENO

Neno hili limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni herufi tatu: ha, fa na dha. Maana yake ya kwanza ni kukilinda kitu kisipotee. Kwa hiyo kinyume chake ni mambo mawili: mwenye kuhifadhi kwa moyo, kinyume chake ni mwenye kusahau, na mwenye kuhifadhi kwa mkono, kinyume chake ni mwenye kupoteza. Katika shina hilo yametoka majina ya watu, Hafidh na Mahfudh. Na katika nchi ya Oman mkoa huitwa muhafadha. Na katika siasa watu wasiopenda mambo ya kale yageuzwe huitwa wahafidhina.

Maulamaa wa usuli wa fiqhi wamefundisha ya kuwa neno lina hakika tatu. Ya kwanza ni hakika ya lugha, nayo ni maana iliyowekwa na wenye lugha. Ya pili ni hakika ya sharia, kama neno sala: katika lugha ni dua, na katika sharia ni maneno na vitendo vijulikanavyo, vyenye kufunguliwa kwa takbira na kufungwa kwa salamu. Ya tatu ni hakika ya ada, yaani maana waliyozoeana watu, kama neno daba: katika lugha ni kila chenye kutambaa juu ya ardhi, na katika ada ni mnyama wa miguu minne. Na ada nyingine ni ya watu wote, na nyingine ni ya watu wa kazi moja tu, kama mabaharia au mahakimu.

Tena wamefundisha ya kuwa liko neno lenye maana nyingi zisizohusiana, nalo huitwa mushtaraki. Mfano wake ni ain: ni jicho, na ni chemchemi, na ni dhahabu. Na mfano ulio mashuhuri kwa wanafunzi wa fiqhi ni neno kuru katika aya ya eda, Sura ya Bakara aya ya 228. Imamu Shafii amesema ni tohara, na Imamu Abu Hanifa amesema ni hedhi. Na kwa khitilafu ya neno moja hilo siku za eda ya mwanamke hupungua au huzidi. Basi asidhani mtu ya kuwa kupima maneno ni mchezo wa wenye nafasi. Kwa maana ya neno mke huwa huru au huwa ndani ya eda, na mali huwa halali au huwa haramu.

Ama hifadhi si mushtaraki. Maana zake zote ni matawi ya shina moja, illa matawi mengine yameota mbali, hatta mwenye kukaa chini ya hili asilione lile.

HIFADHI KATIKA QUR'ANI

Katika Sura ya Hijri aya ya 9 Mwenyezi Mungu ameahidi ya kuwa Yeye mwenyewe ndiye atakayeuhifadhi ukumbusho alioteremsha. Katika Sura ya Bakara aya ya 238 ameamrisha sala zihifadhiwe, na maana yake ni zisaliwe kwa nyakati zake na kwa masharti yake. Katika Sura ya Maida aya ya 89 yameamrishwa kuhifadhiwa mayamini, yaani mtu asiape ovyo wala asivunje alichoapia. Katika Sura ya Nuru aya ya 30 waumini wanaume wameamrishwa kuhifadhi tupu zao. Na katika Sura ya Infitari aya ya 10 malaika wenye kuandika amali za watu wameitwa wahifadhi.

Mahali penye mazingatio makubwa ni Sura ya Yusuf. Katika aya ya 12 ndugu zake Yusuf walimwambia baba yao ya kuwa wao watamhifadhi, kisha wakamtupa kisimani. Katika aya ya 63 wakarudi kwa neno lile lile juu ya ndugu yao mdogo, na mzee Yaakub akawajibu ya kuwa Mwenyezi Mungu ndiye bora wa kuhifadhi. Na katika aya ya 55 Yusuf mwenyewe aliomba awekwe juu ya hazina za nchi ya Misri, akajisifu kwa mambo mawili: ya kuwa ni mwenye kuhifadhi, na ya kuwa ni mwenye ujuzi. Basi kutamka neno hifadhi ni rahisi, hatta wenye kutupa hulitamka; na hifadhi yenyewe yataka uaminifu pamoja na ujuzi.

HIFADHI KWA WANACHUONI

Kwa wasomaji wa Qur'ani, kuhifadhi ni kuiweka moyoni yote. Walipouawa wahifadhi wengi katika vita vya Yamama, zama za Sayyidna Abubakar r.a., Sayyidna Umar alikhofu, akashauri Qur'ani ikusanywe katika maandiko, na kazi hiyo akapewa Zaid bin Thabit. Hifadhi ya moyo ikasaidiwa na hifadhi ya karatasi, wala moja haikuifuta nyingine.

Kwa watu wa hadithi, hafidh ni cheo. Akiitwa Al-Hafidh Ibn Hajar, makusudio ni Ibn Hajar al-Asqalani, aliyekufa mwaka wa 852 Hijria (1449), kwa wingi wa hadithi alizozijua pamoja na njia zake na khabari za wapokezi wake.

Kwa watu wa fiqhi, hifadhi ndiyo roho ya mlango wa wadia, nao ni mlango wa amana iliyowekwa kwa mtu. Mwenye kuwekewa hukihifadhi kitu mahali panapofaa kitu kama hicho. Kikiharibika bila ya uzembe wake wala ukiukaji, halipi. Kikiharibika kwa uzembe wake, hulipa. Na hapa pana mas-ala yafaayo kukumbukwa katika somo hili lote: aliyewekewa mnyama, akaacha kumlisha na kumnywesha hatta akafa, huwa juu yake dhamana. Kitu kisicho roho huhifadhiwa kwa kufuli, na chenye roho huhifadhiwa kwa chakula na maji. Mwenye kukifungia chenye roho bila ya kukilisha hakukihifadhi.

Na kwa watu wa usuli, Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka wa 505 Hijria (1111), ameeleza katika Mustasfa ya kuwa makusudio ya sharia kwa viumbe ni kuhifadhiwa mambo matano: dini yao, na nafsi zao, na akili zao, na kizazi chao, na mali yao. Kila lenye kuyahifadhi matano haya ni maslaha, na kila lenye kuyapoteza ni mafsada.

HIFADHI KATIKA ADA YA ZAMA HIZI

Watu wa zama hizi nao wamelichukua neno, kila kundi kwa kazi yake. Katika Tanzania sharia ya mwaka 1997 iliunda Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambao hupokea michango ya mtumishi na ya mwajiri wake ili mtumishi apate riziki akizeeka au akipatwa na maradhi ya kumzuia kazi. Na wenye simu na kompyuta husema wamehifadhi barua au picha, wakikusudia kuiweka isifutike.

Wenye kazi ya misitu na wanyama husema hifadhi ya taifa, na hao hupambanua baina ya maneno mawili. Pori la akiba ni ardhi iliyowekwa kwa wanyama, lakini mtu aweza kupewa kibali cha kuwinda humo. Hifadhi ya taifa haiwindwi. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Na mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa, yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kiasi cha kilomita za mraba 4,707. Na sehemu zake zimo katika wilaya za Biharamulo na Ngara na nyingine za jirani.

Ama wenye kazi ya wakimbizi husema hifadhi wakikusudia kumpokea mtu aliyekimbia nchi yake kwa kukhofia roho yake, na kutomrudisha kwenye hatari. Waarabu kwa jambo hili hawatumii neno hifdhi peke yake, bali husema jiwari. Katika Sura ya Tauba aya ya 6 Mtume s.a.w. aliamrishwa ya kuwa hatta mshirikina akiomba jiwari apewe, asikie maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Na siku ya kufunguliwa Makka, Ummu Hani alipompa jiwari mtu aliyetakiwa kuuawa, Mtume aliikubali jiwari yake. Na katika shina la jiwari ndimo lilimotoka neno jirani. Mwenye kuomba hifadhi ni mtu aliyeomba kufanywa jirani.

NGUZO NNE

Kwa kuyakusanya haya yote huonekana ya kuwa hifadhi, popote itajwapo, haitimii illa kwa nguzo nne: mwenye kuhifadhi, na chenye kuhifadhiwa, na chenye kukhofiwa, na mwenye haki, ambaye hifadhi yafanywa kwa ajili yake. Katika juzuu ya Amma, mwenye kuhifadhi ni mtoto, chenye kuhifadhiwa ni maneno ya Mwenyezi Mungu, chenye kukhofiwa ni kusahau, na manufaa ni yake mtoto na ya umma wote. Basi neno likitajwa katika baraza au katika gazeti, na aulize msikiaji hayo manne. Nguzo moja ikikosekana, neno limebaki jina tupu.

KHABARI ZA NGARA NA BIHARAMULO

Nchi ya Ngara iko pembeni mwa Tanzania upande wa magharibi, imepakana na Rwanda na Burundi; na pale Rusumo mto Ruvuvu hukutana na mto Kagera. Wenyeji wake wengi ni Wahangaza na Washubi, ambao lugha zao ziko karibu na lugha za hao majirani wawili. Biharamulo iko mashariki yake, na baina yao na ziwa Burigi ni mapori na vilima.

Mwezi wa Oktoba 1993 aliuawa Melchior Ndadaye, rais wa Burundi, na watu wengi wa nchi ile wakakimbilia Tanzania. Mwezi wa Aprili 1994 yakaanza mauaji ya Rwanda. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24, umati ulivuka daraja la Rusumo: hesabu ya wakati ule ilikuwa watu 250,000, na baadaye ikakadiriwa kuwa kiasi cha 170,000. Walikaa Benaco na mahali pa karibu yake, na wengine wakaja baada yao, hatta wageni wakawazidi wenyeji wa wilaya kwa wingi.

Watu wale walitaka kupika, na hapakuwa na moto illa wa kuni; na walitaka nguzo za vibanda. Vilima vya kando vikabaki vitupu, na kutafuta kuni kukawa safari. Nyama zikawindwa katika mapori ya Burigi na Biharamulo kwa kuuzwa makambini, na wanyama wakapungua sana. Wenyeji wengine walipata kazi na soko la ndizi na mihogo yao, na wengine waliibiwa mazao na kupoteza miti ya kuni. Basi hapo ndipo hifadhi zilipogombana: hifadhi ya roho za wakimbizi, na hifadhi ya pori, na hifadhi ya mali ya wenyeji, na kila mmoja alikuwa akisema neno lile lile kwa haki.

Mwezi wa Desemba 1996 serikali, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilitangaza ya kuwa Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Walikuwa karibu nusu milioni. Wako waliokwenda wenyewe, na wako waliokimbilia ndani zaidi ya nchi, wakazuiwa na askari na kugeuzwa kuelekea mpakani. Warundi walibaki kwa miaka mingine, na kambi ya Lukole katika Ngara ikafungwa mwaka 2008.

MIZANI YA SHARIA

Mas-ala ya kwanza: roho na mti, kipi hutangulia? Katika mambo matano ya Imamu Ghazali, nafsi iko mbele ya mali, na pori ni katika mali ya umma. Basi mwenye kukata mti ili mtoto wake asife kwa baridi au kwa chakula kibichi, halaumiwi. Lakini dharura hukadiriwa kwa kadiri yake, wala haifuti haki ya mwenye mali. Katika fiqhi ya Shafii aliyebanwa na njaa hula chakula cha mwenyewe asiyekuwapo, kisha hulipa. Kuni za kupikia ni dharura. Nyama ya pori ya kuuza kwa faida si dharura. Na kwa kuwa mkimbizi hana cha kulipia, malipo yawe juu ya walioichukua kazi ya kumlea, nayo ni kupanda miti badala ya iliyokatwa na kuwarudishia wenyeji walichopoteza. Wenyeji wa Ngara hawakuulizwa kama wataka kuwa wenye kuhifadhi. Waliamka asubuhi wakawa ndio. Haki yao isisahauliwe kwa kusifiwa ukarimu wao.

Mas-ala ya pili: je, yafaa nchi itengwe kwa wanyama? Asili yake iko katika sharia. Haram ya Makka mti wake haukatwi wala kiwindwa chake hakishtushwi. Na Mtume s.a.w. alipolitangaza hilo, ami yake Abbas aliomba majani ya idhkhir yatolewe katika katazo kwa kuwa watu huyahitajia makaburini na majumbani, na Mtume akayatoa. Tena imepokewa ya kuwa Mtume aliitenga Naqii, na Sayyidna Umar akazitenga Sharaf na Rabadha. Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja ya kuwa kauli yenye nguvu ni kujuzu kwa imamu kutenga ardhi isiyo na mwenyewe kwa wanyama wa sadaka na wa jizya, na waliopotea, na wa mtu dhaifu asiyeweza kufuata malisho ya mbali. Wala haitengi kwa nafsi yake.

Na Bukhari amepokea ya kuwa Sayyidna Umar alipomweka Hunayy kuwa mlinzi wa malisho hayo alimwusia awe mpole kwa watu, na aogope dua ya mwenye kudhulumiwa; na amruhusu mwenye ngamia wachache na mbuzi wachache, wala asiwajali matajiri, akawataja Ibn Awf na Ibn Affan kwa majina yao. Sababu aliyotoa ni ya kuwa tajiri akifiwa na wanyama ana mitende na mashamba, na maskini akifiwa na wanyama atakuja na watoto wake wakilia, na hapo itampasa kutoa dhahabu na fedha. Basi mwenye kuweka mipaka ya Burigi-Chato, na askari wake, na mwanakijiji wa kando yake ambaye shamba lake huliwa na wanyama, wote wana fundisho katika wasia huu. Sharia ya hifadhi ya taifa yakataza malisho ndani yake. Lakini kuchora mpaka, na kuacha njia ya kwenda majini, na kulipa fidia ya mazao, hayo yamo katika mikono ya watu, na wa kuangaliwa kwanza ni mwenye kundi dogo.

Mas-ala ya tatu: hifadhi ya mkimbizi hukoma lini? Aya ya Sura ya Tauba imetaja ukomo wake, nao ni kufikishwa mahali pa amani. Tarehe katika karatasi haitoshi kuwa ukomo, mpaka ijulikane ya kuwa huko aendako kuna amani. Kwa mizani hii hupimwa mambo ya Desemba 1996, na hupimwa kila nchi yenye kufungua mlango na yenye kuufunga. Ama aliyeua kwao kisha akajificha baina ya wakimbizi, na makambini walikuwamo watu kama hao, yeye hana haki ya kulifanya neno hili ngao. Katika madhehebu ya Shafii hatta Haram ya Makka haimkingi muuaji na kisasi. Njia yake ni hukumu. Na kwa mauaji ya Rwanda iliundwa mahakama mwaka 1994, ikakaa Arusha, ikafungwa mwaka 2015. Lakini dhambi ya muuaji mmoja haimwondolei hifadhi mwanamke na mtoto waliovuka daraja pamoja naye.

KHATIMA

Imedhihiri ya kuwa hifadhi ya chuoni na ya porini na ya kambini ni matawi ya shina moja, na kila moja ina mwenye kuhifadhi, na chenye kuhifadhiwa, na chenye kukhofiwa, na mwenye haki. Zikigombana, nafsi hutangulia mali, na aliyetumia haki ya mwingine kwa dharura huirudisha, na dhaifu hutazamwa kabla ya mwenye nguvu. Na mwenye kuambiwa ya kuwa jambo fulani ni hifadhi, na aulize kwanza: kwa mkono wa nani, na kwa ajili ya nani? Kwani ndugu zake Yusuf nao walisema watahifadhi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi waja wake katika dini zao na nafsi zao na watoto wao na mali zao, na awajaalie viongozi na raia kuwa wenye kuhifadhi na wenye ujuzi. Amin. Wallahu aalam.